Koti la Mvua Lishonwalo Nyumbani

Sisi tukaao Arusha twaishi miguuni pa mlima Meru, na kwa kuuona kila siku twausahau ukali wake. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru chafika mita 4,566. Kwa kuwa hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 kila mtu apandapo mita 1,000, baridi ya kule juu huizidi ya mjini kwa digrii 19 hivi. Tena baridi haiji peke yake: mvua hulowesha nguo, na upepo ukiipiga nguo iliyolowa, mwili hunyang'anywa joto lake upesi. Hivyo ndivyo mtu mwenye afya awezavyo kufia mlimani.

Mtoto wa kaka yangu ni mpagazi. Hubeba mizigo ya wageni kutoka lango la Momela hadi kibanda cha Miriakamba, kisha hadi kibanda cha Saddle, penye mita 3,570. Alipoianza kazi hiyo, kinga yake ya mvua ilikuwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mahali pa kichwa na mikono, maana koti la dukani lilizidi ujira wa safari yake nzima. Kule Moshi liko shirika liitwalo Kilimanjaro Porters Assistance Project, liwaazimalo wapagazi nguo za mlimani bila ya malipo, na kwa wema huo lastahili shukrani. Lakini kijana aliye na shangazi mwenye cherehani yafaa awe na koti lake mwenyewe.

Ndugu msomaji, pamba haifai kwa kazi hii, kwani hunywa maji ikawa nzito. Kitambaa kifaacho ni nailoni, nyuzi zilizotengenezwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont, na ambazo katika Vita Kuu ya Pili zilitumika kwa miavuli ya askari warukao kutoka ndegeni. Iko nailoni nyepesi yenye vijimraba vya nyuzi nene. Ikichanika, mchaniko hukwama penye uzi mnene usiendelee. Upande mmoja hupakwa utando wa kuzuia maji. Nasi hatuna haja ya kuiagiza ng'ambo: hema kuukuu lililoraruka, au mwavuli uliovunjika mbavu, huweza kuwa na kitambaa kizuiacho maji. Kwanza kijaribu. Kikunje kama bakuli, utie maji, ungoje robo saa. Kikivuja, au utando ukiwa unanata na kubanduka, kiache.

Katika kushona, kumbuka kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Tumia sindano mpya nyembamba, namba 70 au 80, na uzi wa poliesta. Mishono iwe mirefu kidogo, kama milimita 3, ili matundu yapungue. Usishike kitambaa kwa pini, bali kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mshono ukunjwe mara mbili, ncha zifichwe ndani, kisha upakwe gundi ya silikoni kama utando ni wa silikoni, kwani gundi nyingine hazishiki juu yake. Acha nafasi wazi chini ya makwapa, maana kitambaa hiki kisichopitisha mvua hakipitishi jasho pia, na mtu aweza kulowa kwa ndani.

Binti yangu naye alitaka kwenda mlimani pamoja na wanafunzi wenzake. Makoti tuliyoyaona madukani yaliishia kiunoni, na kofia zake zilibana mtandio. Tukamshonea la kupita magoti, pana, lenye mpasuo uliofunikwa kwa kipande cha ndani ili apige hatua bila kuonekana mwili, na kofia ya kutosha juu ya mtandio wake. Hakulazimika kuchagua kati ya sitara na safari.

Wazazi wenzangu, tusiwafunze watoto wetu kushona kanzu na magauni tu. Kijana aanze na mfuko wa kutia nguo kavu, kisha kofia, ndipo aje kwenye koti. Akiisha kuweza, atawashonea na wenziwe kwa ujira wa halali. Ni aibu kwetu mgeni alale mkavu, na aliyembebea mzigo alale amelowa, ilhali kinga yake imo katika kitambaa tukitupacho. Masika huanza mwezi wa Machi. Mwenye cherehani nyumbani asiyangoje.