Reli ya Futi Nne

 

Tangu Mfungo Mosi nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja ni kazi gani inayonifanya nitoke msikitini upesi baada ya sala ya Isha, na kwa nini kanzu yangu ina rangi ya kijani kwenye mkono. Jawabu ni kwamba nyumbani kwetu, katika chumba cha nyuma, tunajenga reli.

Si reli ya kupandwa na watu. Ni garimoshi dogo la umeme, lenye kichwa na mabehewa matatu, ambalo mjukuu wangu aliletewa na mjomba wake kutoka Dubai. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande kumi na vinne vya reli, kumi na viwili vya kona na viwili vilivyonyooka, pamoja na adapta ya umeme. Karatasi ya maelezo ilionyesha jinsi ya kuviunganisha viwe duara. Zaidi ya hapo ilitwachia wenyewe.

Mjukuu huyo ana miaka kumi na mmoja. Yeye na mama yake wamerejea kwetu mwaka jana baada ya talaka. Eda imekwisha, mambo yalikamilika kwa stara, na baba yake anafanya kazi Voi. Haya nayaandika kwa idhini ya binti yangu, kwani nyumba za namna hii ni nyingi miongoni mwetu na hakuna faida ya kunong'ona. Sheria imeyaeleza malezi ya mtoto, matumizi yake na haki ya baba kumwona mwanawe, nami nimeyasomesha mara nyingi darasani. Lakini kitabu hakikunipa neno la kumwambia mtoto aliyeshinda kimya, aitwapo akaitikia "labeka babu", kisha akarejea kwenye simu ya mama yake kama kobe arejeshaye kichwa ndani ya gamba.

Wapo waliosema kwamba mzee wa umri wangu, tena mwenye kilemba, hafai kuinama juu ya mchezo wa watoto. Hao nawakumbusha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akimuuliza habari za kindege kile. Aliyebeba jambo la umma wote alipata nafasi ya kuulizia ndege wa mtoto. Sisi tumebeba nini hata tukose nafasi?

Tulianza na meza. Karatasi nzima ya plaiwudi huwa futi nne kwa futi nane. Fundi wa mtaani akaikata katikati, tukapata mraba wa futi nne, yaani sentimita 122 kila upande. Kona za reli yetu zina nusu kipenyo cha sentimita 46 hivi, kwa hiyo duara lenye kipande kimoja kilichonyooka kila upande linaenea juu ya ubao huo na kubakisha vidole viwili tu ukingoni. Chini yake tukapigilia fremu ya mbao, maana plaiwudi isiyo na fremu hupinda, hasa katika unyevu wetu huu wa pwani, na reli iliyopinda huangusha mabehewa.

Umeme wake ni elimu peke yake. Reli ya kulia na ya kushoto hazigusani popote. Moja hupeleka umeme na nyingine huurejesha, na magurudumu ya chuma ya kichwa cha treni ndiyo yanayouchota na kuupeleka kwenye mota. Ukizigeuza waya zile mbili, treni hurudi kinyumenyume. Volti zake ni 12 tu, hazimdhuru mtoto. Adapta yenyewe, ambayo huchomekwa ukutani kwenye volti 240, tumekubaliana kwamba haiguswi ila na mtu mzima.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili treni ikaanza kusimamasimama, ikisukumwa inakwenda, ikifika kona inagoma. Tulidhani mota imeungua. Kumbe ni hewa yetu ya chumvi, pamoja na vumbi, iliyotandaza utando juu ya reli, na umeme haupiti penye utando. Dawa yake ni kitambaa safi na spiriti kidogo, kila baada ya siku chache. Msasa usitumike, kwa sababu huacha mikwaruzo inayohifadhi uchafu zaidi. Kusugua reli ikawa kazi ya mjukuu wangu kila akirudi chuoni, na hapo ndipo nilipoanza kumsikia akizungumza. Kwanza na treni, halafu na mimi.

Swali lake la kwanza la maana lilikuwa hili: "Babu, inakwenda wapi?"

Nikamwambia inazunguka.

"Basi haifiki."

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli. Treni ya duara hupita palepale ilipoanzia, na mtu akiitazama kwa muda huona kwamba safari yake yote ni kurudi. Akaniambia anataka iende Voi. Hatukutaja ni nani aliyeko Voi. Sote wawili tulijua.

Tukakaa na kalamu na karatasi. Treni za aina hii hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa 87, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Babu mwenye urefu wa sentimita 170 angekuwa na urefu usiofika sentimita mbili, jambo lililomchekesha sana. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita zipatazo 160. Tukagawanya. Hata baada ya kupunguza mara 87, tungehitaji reli ya karibu kilomita mbili, itoke nyumbani kwetu, ipite mitaa mitatu, na warudi kutuuliza wenye nyumba. Akaipiga hesabu mara mbili akitumaini nimekosea. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyekubali shauri, kwamba basi Voi itabidi ije karibu.

Tulinunua kipande cha reli chenye ulimi wa kubadili njia, ambacho treni ikikifikia huweza kuendelea kuzunguka au kutoka kando. Kutoka hapo tukatandika reli iliyonyooka juu ya ubao wa futi sita uliobaki tulipovunja kitanda cha zamani, ukaegemezwa ukutani hadi chini ya dirisha. Mwisho wa ubao ndio Voi.

Kazi ya kupamba ndiyo iliyotula siku nyingi, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Unga wa mbao kutoka kwa seremala tuliutia rangi ya kijani, ukakauka juani, ukawa majani. Makumbi ya nazi yakachambuliwa yakawa vichaka. Mchanga wa kando ya reli tuliuchota pwani, lakini usimwagwe hivihivi: tuliuosha kwa maji baridi mara tatu ili chumvi itoke, kisha tukaupitishia sumaku, maana mchanga wa bahari huwa na chembe nyeusi za chuma ambazo zikirukia ndani ya mota huiharibu. Hushikizwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na tone la sabuni ya vyombo, ikidondoshwa kwa sindano isiyo na ncha. Bila sabuni maji husimama juu ya mchanga kama shanga na hayaingii. Rangi tulichagua ya maji. Ya mafuta hung'ang'ania ngozini ikazuia maji ya udhu, na mimi sina saa ya kusugua vidole kila adhana.

Gundi huchukua usiku mzima kukauka, na wakati wa kungoja ndio wakati wa hadithi. Nikamsimulia reli yetu wenyewe, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, kwa jasho la maelfu ya vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wasirudi makwao. Nikamsimulia na reli ya Hijazi. Sultani Abdulhamid wa Pili aliitangaza mwaka 1900, na Waislamu wa nchi nyingi wakachanga mali zao ili mahujaji waepukane na safari ya ngamia ya takriban siku arobaini kutoka Damascus hadi Madina. Mwaka 1908 treni ikaingia Madina, baada ya kilomita zipatazo 1,300 za jangwa. Ilikusudiwa kuendelea hadi Makka, lakini haikufika. Vikaja vita vikuu, reli ikabomolewa mahali pengi, na sehemu ya kusini ikaachwa mchangani.

"Kwa hiyo waliochanga walipata thawabu, ingawa haikufika Makka?" akauliza.

Nikamwambia naamini wamepata kwa nia zao, na Mola ndiye ajuaye. Akanyamaza akifikiri. Sijui aliipima reli ipi.

Stesheni ya Voi ilimsumbua. Hakutaka kibanda chochote tu, alitaka iwe stesheni kongwe yenyewe, na mimi nimepita pale mara nyingi lakini sikumbuki paa lake linakaa vipi. Nikachukua simu nikampigia baba yake. Sisi wawili hatukuwa tumezungumza tangu siku ya talaka, ila kwa ujumbe mfupi wa matumizi ya mtoto. Nikamsalimu, nikamwambia mwanao anahitaji picha za stesheni: paa, kuta, kibao cha jina. Kukawa kimya. Kisha akauliza, "Picha za pande zote nne, baba?" Neno hilo la baba alikuwa ameacha kuniita.

Picha zilikuja alasiri ileile, kumi na saba. Kesho yake zikaja nyingine, na vipimo vya mlango alivyovichukua kwa futi ya fundi. Tangu siku hiyo hupigiana simu karibu kila usiku, na maneno yao ni madirisha, mabati na upana wa jukwaa. Binti yangu huwasikia kutoka jikoni, wala hasemi kitu, lakini simu yake sasa huiacha mezani ikiwa imejaa chaji.

Stesheni ilipokwisha, mtoto akataka kuweka mtu mmoja. Mmoja tu, asimame jukwaani Voi. Jirani yetu mpenda dini akaniuliza kwa adabu vipi nitaruhusu sanamu nyumbani kwa sheikh. Masuala haya yana khilafu ya wanazuoni, na sikuyachukua kwa wepesi. Wengi wao wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo la masanamu, kwa hoja ya Bi Aisha (R.A.), aliyekuwa na wanasesere wake pamoja na farasi mwenye mbawa za vitambaa, na Mtume (S.A.W.) alipomuuliza habari za farasi huyo akacheka kwa jibu lake. Wapo waliokaza, nao nawaheshimu. Kwa mtoto huyu na kwa mtu huyu mmoja, nilishika kauli ya walioruhusu, nikamweleza jirani dalili zake. Alisikiliza, akasema Allahu aalam, akanywa kahawa. Mtu mwenyewe ni kijiti cha kiberiti chenye shati la karatasi ya buluu. Hana hata uso.

Jumamosi iliyopita baba yake akaja. Binti yangu alikuwa ameondoka kwenda kwa shangazi yake tangu asubuhi, kama walivyopatana. Treni ikawashwa, ikazunguka mara mbili, ulimi ukageuzwa, ikashika njia ya Voi, na ilipofika pale ubao unapoungana na meza ikazimika. Unyevu ulikuwa umeutanua ubao na kuachanisha reli kwa upana wa ukucha. Mtoto akanitazama mimi. Baba yake alikuwa keshavua saa, amelala chali chini ya meza na shati lake la safari, na kutoka kule chini akasema, "Nipe koleo, mwanangu. Ile ndogo."

Nikawaacha nikaenda kupika chai. Ilichukua muda mrefu kuliko chai inavyochukua.

Ameahidi kurudi baada ya wiki mbili, na ataleta ubao mwingine wa futi nane, kwa sababu mjukuu wangu sasa anasema reli ifike Mtito Andei. Binti yangu anauliza nguo zitaanikwa wapi.