Kati ya Kitanda na Mlango wa Kliniki

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na kamati yetu ya msikiti, hapa Temeke, haijapata kulaumiwa katika jambo hilo. Kijana wa jirani alipolazwa katika hospitali moja ya jiji kwa jipu lililotokana na sindano za unga, tulimwendea. Tulimpelekea machungwa, tukamwombea dua, tukampa nasaha ndefu (ndefu kuliko alivyoweza kuvumilia, kwa kuwa arosto ilikuwa imemshika), kisha tukaondoka tukijiona tumetimiza wajibu.

Alikaa wodini siku 12. Aliruhusiwa mchana wa Ijumaa, sisi tukiwa katika khutba, akiwa na karatasi ya kumwelekeza kliniki ya methadoni na bila nauli. Hakuna aliyetupigia simu, nasi hatukuwa tumeacha namba. Siku ya tatu alirejea maskani. Mwili uliokaa siku nyingi bila unga hauhimili tena kipimo ulichokizoea. Hilo tulielezwa na daktari baadaye, tulipokwisha kumwosha na kumsalia.

Chuoni tulisoma kwa kina hukumu ya vileo. Hatukufundishwa la kufanya na mtu anayetaka kuviacha, mwili wake ukamkatalia.

Huduma ipo. Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata ya Mwananyamala, kisha ya hapa kwetu Temeke. Dawa hutolewa bure. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea arosto bila kumlevya kipimo kikiwa sahihi. Baadhi ya wazee wetu walisema huko ni kubadilisha kileo kwa kileo. Imamu akawauliza ni nani kati yao amepata kumzuia mgonjwa wa kisukari kuchoma sindano yake. Ubishi haukwisha siku ile, ila ulipungua.

Mwaka huu alilazwa kijana mwingine. Tulimwomba idhini yeye mwenyewe kwanza, kisha muuguzi akaiandika namba yetu katika faili lake. Siku ya kuruhusiwa tulikuwa wawili getini, pamoja na mtoa huduma wa asasi inayowafuata waraibu vijiweni. Tukapanda daladala. Mara mbili kijana alitaka kushuka njiani, na mara zote mbili aliyejua la kumwambia ni yule mtoa huduma, ambaye zamani alikuwa mtumiaji. Sisi tulinyamaza, na huenda huo ndio ulikuwa mchango wetu bora siku hiyo. Usiku tulikwenda kwa mama yake, aliyekuwa amemfungia mlango tangu alipouza televisheni. Hakutuahidi kitu, lakini alitandika mkeka ukumbini.

Sasa ni mwezi wa pili. Nauli ya kila siku inatoka katika mfuko wa sadaka, nao unakaribia kukauka. Kijana ameuliza kama aache dawa Ramadhani ili afunge. Tumemjibu kwamba asiiache hata siku moja bila kauli ya daktari, kwani Suratul Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Alhamisi mweka hazina atamsindikiza kliniki wakaulize juu ya saa za kunywa dawa. Msindikizaji wa Ijumaa bado hatujampata.