Siku Nilizokesha na Kompyuta

Kama unasoma haya usiku, na kompyuta uliyoijenga kwa pesa zako imezima tena mbele ya macho yako bila kukwambia sababu, kaa kitako kwanza. Najua tumbo linavyokukata. Mimi nimetoka huko, alhamdulillahi, lakini hata leo nikisikia feni zake zimebadilisha sauti, mkono huenda wenyewe kuhifadhi kazi.

Mimi hupiga video za harusi. Harusi za wanawake tu, kupamba na hina, zile shughuli ambazo simu hukusanywa mlangoni na mwanamume hapiti. Hapa Mombasa, Bondeni na Mji wa Kale, kazi hii hupewa mwanamke anayejulikana kwao ni wapi, kwa sababu kila mtu anayeingia kwenye kamera yangu amevua buibui akijua picha ile haitatoka nje. Nilipoachika nikarudi kwa mamangu pamoja na binti yangu, na kazi hii ndiyo iliyotulisha.

Mwanzo wa 2023 zamu yangu ya chama ilifika. Mama akaongezea. Alivua bangili moja ya dhahabu, akaenda nayo kwa sonara peke yake, akarudi na bahasha, akasema hilo tusilizungumze. Kakangu yuko Doha, analinda jengo usiku, lakini kompyuta ndiyo aliyosomea. Akaniandikia orodha: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi, vijiti viwili vya ramu vya gigabaiti 16 kila kimoja, pawa saplai ya wati 650, kadi ya grafiki ya mtumba. Nikanunua kidogo kidogo. Nikaijenga juu ya meza ya chakula, kaka akiniangalia kwa simu, binti yangu ameshika tochi. Ilipowaka mama alipiga kigelegele, jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna posa.

Siku tatu ilikwenda vizuri. Siku ya nne nilikuwa nakata video ya hina, skrini ikageuka buluu, ikaandika maneno, ikazima, ikawaka yenyewe. Nikasema ni bahati mbaya tu. Jioni ikarudia. Kesho yake ikapita kutwa nzima bila neno. Halafu ikazima wakati siifanyii chochote. Nimekwenda kuswali Magharibi, narudi naikuta imejiwasha upya, inaniuliza nywila kama mgeni.

Hilo ndilo lililonitesa. Homa yenye saa yake unaweza kuivizia. Hii haikuwa na saa.

Utaniuliza kwa nini sikumpelekea fundi. Nilikwenda kuuliza, nikasema nitaitoa diski nilete mwili mtupu. Nikaambiwa niiache wiki mbili. Na huo ulikuwa mwezi wa Shaabani. Kwetu Shaabani harusi hugongana, kila mtu anataka kumaliza kabla ya Ramadhani, na mimi nilikuwa na tano zinangoja. Ikabidi niwe fundi.

Nikaanza na stima, kwa sababu nyumba yetu ni ya zamani na nyaya zake zina umri wa mama. Nikaitoa kompyuta kwenye ekstensheni ya friji, nikaipa tundu lake. Ikazima. Nikageukia joto. Chumba changu ni cha juu, chini ya mabati, na ilikuwa kaskazi, ile hali unakoga ukitoka bafuni umeshalowa tena. Nikafungua ubavu wa kesi, nikaielekezea feni ya mezani. Nikapima prosesa: digrii 68 ikiwa kazini, na ile imeandikiwa mwisho 90. Basi joto silo. Ikazima huku feni inaipepea. Nikaifuta Windows nikaiweka upya. Mara ya kwanza ilikwama katikati, na mimi sikujiuliza kwa nini. Rafiki wa kaka akaniazima pawa saplai yake. Nikaifunga kwa mikono inayotetemeka. Siku moja na nusu, nikaanza kutabasamu. Ikazima.

Khale yangu alikuja na chetezo. Alisema ni jicho, kwamba nilijionyesha mno. Akafukiza ubani mpaka moshi ukaingia ndani ya kesi, akasoma alichosoma. Sikumzuia. Mtu aliyefika pale nilipokuwa hakatai dua ya mtu.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakifanya sawasawa, nacho kaka alinilazimisha: daftari. Kila ikizima niandike siku, saa, nilikuwa nafanya nini, na namba iliyobaki kwenye kumbukumbu za Windows. Nilikuwa naandika kwa hasira.

Sasa nikwambie ule usiku wa Jumatano.

Kulikuwa na bi harusi anayesafiri Ijumaa jioni kwenda Maskati kwa mumewe. Mamake alitaka binti aondoke na flashi yake mkononi. Saa nane za usiku nikaanza kuitoa video kamili. Asilimia 40. Asilimia 70. Nilikuwa na tasbihi. Asilimia 93.

Ikazima.

Feni zikanyamaza. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia mama akikohoa chumba cha pili. Sikulia. Nilikaa tu.

Ilipowaka nikafungua video zenyewe, zile nilizopiga. Ya kwanza ikafunguka. Ya pili ni pale bi harusi anapofunuliwa ushungi. Uso wake ukakatika vipande. Miraba ya kijani juu ya jicho, juu ya mdomo. Nikafunga. Nikafungua tena. Miraba ileile. Ilikuwa haikuharibika wakati ule. Ilinakiliwa mbovu tangu ilipotoka kwenye kadi ya kamera. Na ile kadi nilikuwa nimeshaifuta. Nimeshairekodia harusi nyingine.

Nikashuka sakafuni. Mikono ilikuwa baridi na chumba kinachemka. Nikafikiria bangili. Nikamfikiria yule mama atakavyosimama mlangoni. Huku kwetu jina likiharibika asubuhi, adhuhuri limeshafika Kibokoni. Nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika. Nilichoka. Nilikuwa nimechoka kabisa.

Mama alinikuta hivyo alfajiri. Hakuuliza. Ramu ni nini hajui mpaka leo. Alishuka kwa magoti yake yale mabovu, akaketi kando yangu sakafuni, akanishika kifundo cha mkono kama anayepima kitu, akasema, "Inuka tuswali kwanza. Hiyo haikimbii."

Baada ya swala nikampigia kaka. Saa ya Doha na ya Mombasa ni moja, alikuwa ndiyo anatoka zamu.

"Dadangu, usinieleze. Nisomee daftari."

Nikamsomea, hata ile miraba. 0x1A. 0x50. 0xA. Tena 0x1A. Katikati 41 nyingi, na hiyo 41 nilikuwa nimeishikilia kama ushahidi kwamba ni stima. Akaniambia 41 peke yake haionyeshi sababu, inasema tu kwamba kompyuta imezima bila kuagana. Zile nyingine ndizo zenye maneno. "Kitu kimoja kikiwa kibovu, namba mara nyingi hurudi ileile. Ikibadilika kila siku, shuku ramu. Na hiyo miraba usoni ndiyo imenionyesha."

Nikasema ramu nimeshaipima, Windows ina kipimo chake na kilisema salama. Akacheka, mara ya kwanza kicheko kusikika nyumba ile kwa wiki mbili. Kipimo kile ni cha haraka, makosa mengine hukipita. Akaniambia nitie MemTest86 kwenye flashi. Ni programu ya zamani, Chris Brady aliitoa 1994. Haikai ndani ya Windows, kompyuta huanzia kwenye flashi yenyewe, kisha inaandika na kusoma kila kipembe cha ramu, inarudia, inarudia. Kabla ya hapo nikaingia kwenye mipangilio ya madabodi nikaizima ile kasi ya 3600 iliyoandikwa kwenye kijiti, ikashuka hadi 2133, ili nisije nikalaumu kijiti kwa kosa la mwendo.

Dakika ya ishirini, msitari mwekundu. Wa pili. Kisha ikawa kama mvua.

Hapo ndipo nilipolia. Nashangaa mpaka sasa, mtu kulia kwa furaha ya kuona kosa.

Nikazima, nikatoa kijiti kimoja. Kilichobaki kikapimwa saa tatu, safi. Nikabadilisha. Kijiti cha pili dakika saba tu, nyekundu. Nikakihamishia tundu la mwenzake nisije nikaisingizia madabodi. Nyekundu vilevile. Adhuhuri ikaadhiniwa nikiwa nimekishika kiganjani. Kitu chepesi, hakifiki urefu wa kitana.

Kaka alinieleza na mimi nikuelezee. Ramu ni sinia ambalo kompyuta hupangia kazi yake yote, na langu lilikuwa limetoboka mahali padogo. Ukipanga vikombe vichache, pale penye tundu hapaguswi. Ukilijaza, kikombe kimoja huketi juu ya tundu, na huwezi kujua ni kikombe gani. Ndiyo maana siku nyingine ilinyamaza, na ndiyo maana video kubwa ziliniua. Na chochote kilichonakiliwa kupitia pale kilikuwa hatarini, hata kama kompyuta haikuzima. Hilo ndilo la kuogopwa zaidi, ukiniuliza mimi. Kama uko kwenye hali hii sasa, acha kunakili kitu cha mtu, usifute kadi yoyote, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Na andika. Andika hata ukiwa umekasirika.

Ule ufunuo wa ushungi uliokolewa na binti khale yangu, aliyeshika kamera ya pili ukumbini. Nilikuwa namgombeza kila mara kwa kutofuta kadi zake. Mungu ambariki kwa uvivu wake. Upande aliosimama mwanga haukuwa mzuri, lakini uso ulikuwa mzima. Nikahariri upya kwa kijiti kimoja, polepole, binti yangu amelala miguuni. Ijumaa asubuhi nikabisha mlango wa yule mama, nikampa flashi, nikamwambia yote, pamoja na kwa nini pale katikati kamera inahama. Aliniangalia kwa muda. Akaniuliza kama nimekula.

Duka lilivichukua vijiti vyote viwili, kwa kuwa huuzwa jozi. Kijana wa kaunta alisema ramu haiharibiki hivihivi; nikamwonyesha picha ya misitari myekundu kwenye simu, akaenda nyuma kumwita mkubwa wake. Vipya nilivipima usiku kucha kabla ya kuvipa kazi yoyote. Sasa mimi hunakili kila harusi mara mbili kwenye diski mbili, na kadi haifutwi mpaka bi harusi aseme amepokea. Tangu hapo kompyuta haijazima.

Ila mara moja. Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu saa nne usiku. Nilikuwa nahariri, skrini ikafa. Feni zikanyamaza vilevile. Nilibaki nimeshika kiti, pumzi haitoki, nikahisi baridi ileile mikononi. Sikuona kwamba taa ya chumba nayo imezima, wala kwamba barabara nzima ni kiza. Baadaye tulisikia ni sehemu kubwa ya Kenya.

Mama akaita kutoka chumba cha pili, sauti yake ina wasiwasi kuliko yangu.

"Ni ya wote hiyo, au ni yako?"

Nikachungulia dirishani. Watoto walikuwa wanapiga mayowe barabarani.

"Ya wote, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akalala.