Gangilonga: Ushuani Chini ya Jiwe la Mkwawa

Mitaa ya wenye nazo haina desturi ya kualika wageni. Ukifika mji wowote wa Tanzania, mwenyeji wako atakupeleka sokoni, atakupitisha kwa mama anayekaanga samaki, atakuonyesha kanisa la kale au msikiti. Ushuani atakuonyesha kwa kidole tu, gari likipita. Na kweli, kuna nini cha kutazama pale zaidi ya ukuta, geti jeusi na kibao cha "Mbwa Mkali"? Gangilonga ya Iringa ina vyote hivyo vitatu, tena kwa wingi, lakini bado ndiyo sehemu ya kwanza ninayompeleka mgeni akinitembelea Nyanda za Juu Kusini.

Iringa ni mji wa kupanda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia haiingii mjini; inapita bondeni, kwenye daraja la Ruaha Mdogo pale Ipogolo, na anayeutaka mji sharti aiache na kukwea mlima kwa daladala, au kwa bajaji inayolia njia nzima. Juu, kwenye mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari, joto la pwani unalisahau. Juni na Julai watu wanavaa makoti mchana, na upepo wa Iringa hauna adabu: unafungua milango, unapindua vikapu vya nyanya, unakata maneno ya mtu anayeongea na simu.

Mji huu ulijengwa juu hivyo na watu waliokuwa wanamwogopa mtu mmoja. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walilivamia jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi kulipiza, na Oktoba 1894 walibomoa kwa mizinga ngome ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka. Kwa hiyo mwaka 1896 afisa wao Tom von Prince alipoanzisha kituo kipya, hakukaa kwenye magofu ya Kalenga bondeni. Alichagua mgongo huu wa mlima, ambapo askari wa zamu angeona vumbi la anayekuja akiwa bado mbali. Mkwawa aliendelea kuwasumbua kutoka porini mpaka Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Waingereza nao walipoingia Agosti 1916 waliukuta mji uko tayari: boma, barabara zilizonyooka, na makaburi.

Walichoongeza Waingereza ni mpangilio ambao kila mtoto wa mjini nchini anaujua hata kama hajausoma popote. Uzunguni ni kule juu, penye upepo na nafasi. Uhindini ni katikati, penye maduka. Uswahilini ni kunakobaki. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya, kwamba mbu na magonjwa vikae mbali na bwana mkubwa, na kati ya mtaa na mtaa paliachwa uwanda wa majani au bustani. Ndiyo maana mitaa yetu ya kifahari mingi inafanana: Oyster Bay, Raskazone ya Tanga, ile ya Moshi ambayo kwa mzaha wa historia inaitwa Shantytown ingawa vibanda hakuna. Yote ilipangwa kwa ajili ya watu waliotaka kuona bila kuguswa.

Kwenda Gangilonga, uzunguni ya Iringa, ni vizuri uanzie Soko Kuu, kwa miguu. Utapita karibu na jamatkhana ya Waismailia yenye saa yake mnarani, alama ambayo wafanyabiashara wa Kihindi waliuachia mji. Utafika kwenye boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne iliyopita, ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa; lipe saa nzima, linastahili. Kisha kelele zinapungua. Barabara inapanuka, vivuli vinaanza, na unajikuta chini ya mijakaranda iliyopandwa na watu ambao wajukuu wao hawaishi tena hapa.

Nyumba za zamani utazitambua kwa mambo matatu: ziko chini, zina veranda, na zina dohani. Hilo la dohani huwashangaza sana wageni wa kutoka Dar, nyumba yenye bomba la moshi ambalo si la jikoni. Sebuleni kuna mahali pa kukokea moto, na mwezi wa saba ukipita jioni unasikia harufu ya kuni za mkaratusi zikiungua ndani ya nyumba ambayo nje ina gari la mamilioni. Nyumba zenyewe ziko mbali na barabara, katikati ya kiwanja ambacho siku hizi kingegawanywa mara tano, na mbele yake kuna ua wa michongoma badala ya ukuta. Aliyezijenga alikuwa na ardhi ya kumwaga kwa sababu aliichukua bure, hilo halifichiki. Lakini kivuli alichokiacha kinamfunika yeyote apitaye.

Baada ya Uhuru waliingia maofisa wetu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilipouza nyumba zake nyingi nchini kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo, mkuu wa idara akawa mwenye nyumba. Uamuzi ule ulizua maneno mengi, na kwa maoni yangu maneno hayo yalistahili. Hata hivyo matokeo yake mitaani yanapendeza kuyasoma. Hapa kuna nyumba iliyotunzwa hadi kitasa cha mlango. Pale pamevunjwa, pameota ghorofa mbili zenye nguzo za Kirumi na mabati ya bluu. Jirani yake, mzee mstaafu amepanda mahindi hadi dirishani, na sidhani kama kuna bustani ya maua Iringa nzima inayompa mtu amani kama mahindi yale.

Pesa za Gangilonga mpya, ukiuliza mjini, utaambiwa ni za mbao za Mafinga, chai ya Mufindi, maziwa, usafirishaji. Ni mji ambao utajiri umewahi kuleta msiba mkubwa. Siku ya Krismasi ya 1971, mkuu wa mkoa Dakta Wilbert Kleruu, aliyekuwa mstari wa mbele kusukuma vijiji vya ujamaa, alipigwa risasi na Said Mwamwindi, mkulima mwenye mashamba kule Isimani. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Chuo cha ualimu hapa mjini kinaitwa Kleruu hadi leo. Wazee bado hulizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, na nadhani ndiyo maana matajiri wa Iringa, tofauti na wa kwingine, hawana makelele. Gari ni kubwa lakini lina vumbi la shamba.

Jambo moja tu linakutambulisha kuwa mgeni: kutembea kwa miguu bila kazi. Mlinzi mmoja alinisimamisha kwa upole.

"Kamwene, kaka. Unatafuta nyumba ya kupanga?"

"Kamwene. Hapana, natembea tu."

"Unatembea tu?" Akafikiri. "Basi unaenda jiweni."

Alikuwa amepata. Lakini kabla ya jiwe, niseme neno kuhusu Mbeya, zaidi ya kilomita 300 mbele kwenye barabara ileile ya Zambia, maana huko ndiko utakakoelewa upekee wa Iringa. Mbeya ilizaliwa 1927, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipokuwa inawavuta watu, na ikakua upesi. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizounganisha Uingereza na Cape Town zilikuwa zinatua hapo. Uzunguni yake ilijibanza chini ya Mlima Loleza, penye hewa safi kuliko pote mjini, na Uhindini bado inaitwa Uhindini bila mtu kushtuka. Kuna pia Forest, ya Zamani na Mpya, ambako wakubwa wa leo wamejenga. Kwa uzuri wa mandhari Mbeya inashinda: milima imeuzunguka mji kama mashabiki wanaotazama mpira, na asubuhi ukungu ukiinuka Loleza unaonekana karibu kiasi cha kuushika. Lakini Mbeya ni mji wa biashara, na soko la Mwanjelwa halimwachi mtu akae na mawazo yake. Kilele cha Loleza, mita 2,656, kimekaliwa na minara ya mawasiliano. Uzunguni ya Mbeya ina mlima wa kuutazama; Gangilonga ina jiwe la kukalia.

Jiwe lenyewe liko juu ya nyumba za mwisho. Ni mwamba mkubwa wa granaiti, mpana mgongoni, na njia yake ni fupi. Mtoto wa shule ya msingi anaipanda akikimbia. Kwa Kihehe jina linasema kwamba jiwe hili huongea, na simulizi ya wenyeji ni kuwa Mkwawa alikuwa akija hapa kukaa peke yake na kutafakari, na kwamba hapahapa alipata habari kuwa Wajerumani wanakuja. Mwanahistoria atataka ushahidi. Mimi nimeridhika na mahali penyewe: kutoka hapo unaliona bonde lote, paa za Kihesa, barabara ikipanda kutoka Ipogolo. Yeyote aliyekuwa na nchi ya kulinda angelipanda jiwe hili. Kinachonifurahisha ni kwamba von Prince alikuja kuweka mji wake karibu kabisa na mahali ambapo, kwa simulizi hiyo, adui yake alikuwa anakaa kuwaza.

Jioni jiwe linajaa. Wanafunzi wa vyuo wanapiga picha, wachumba wamekaa mbalimbali kwa heshima, kijana wa bodaboda amepumzika huku kofia ngumu iko magotini, kwaya ya watu sita inafanya mazoezi. Hakuna hata mmoja wao mwenye kiwanja Gangilonga. Wamepita katikati ya nyumba za gharama kubwa kuliko zote mjini ili wafike mahali pazuri kuliko nyumba hizo, na mwenye ghorofa aliye chini yao anawaona wakiwa juu ya kichwa chake kila siku. Sijui mtaa mwingine wa kifahari nchini ambako mambo yamegeuka namna hiyo.

Ukienda, nenda na mwenzako na ushuke giza halijaingia, kwa sababu vichaka vya njiani vina sifa zake. Viatu viwe vya kushika mwamba. Sweta usiliache hotelini.

Na wale wa manispaa wanaopanga mji, ombi langu ni dogo. Viwanja vya zamani vinakatwa, na kila kipande kinataka ukuta wake. Hilo halizuiliki, watu wanaongezeka na ardhi ya juu ni ileile. Lakini njia ya kwenda jiweni ichorwe kwenye ramani kwa wino usiofutika, na upana wake uandikwe, ili atakayenunua kiwanja kando yake alipe akijua kwamba kila jioni watapita watu.