Kura ya Mgeni

Wasomaji kadhaa wametuandikia wakiuliza ilikuwaje sisi, watu wa Tanzania, tukapewa karatasi ya kura katika shauri la Waskoti, na tuliamua kwa njia gani. Swali hili ni la haki, basi twajaribu kulijibu.

Kwanza ijulikane nchi yenyewe. Uskoti iko kaskazini ya kisiwa kile kile kilicho na Uingereza. Ndiko alikozaliwa Dk. Livingstone mwaka 1813, na ndiko walikotoka wamisionari waliojenga Tumutumu katika Kenya. Zamani ilikuwa na mfalme wake na baraza lake. Mwaka 1603 mfalme huyo alirithi na kiti cha Uingereza, na mwaka 1707 mabaraza mawili yakafanywa moja, likawa linakutana London. Katika baraza la Waskoti watu 110 walikubali, 67 wakakataa. Mtu wa kawaida hakuulizwa neno, kama vile sisi nasi hatukuulizwa kwa kura Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964. Lakini Waskoti hawakumezwa. Walibaki na mahakama zao, kanisa lao na shule zao, na mwaka 1999 wakapata tena Bunge lao Edinburgh kwa mambo ya nyumbani. Kuulizwa wote, mmoja mmoja, kama nchi yao ijitawale yenyewe, kulingoja hata tarehe 18 Septemba 2014.

Sheria ya kura ile ilimpa haki kila akaaye Uskoti, kuanzia umri wa miaka 16, akiwa raia wa Uingereza, au wa Umoja wa Ulaya, au wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kukaa. Basi sisi tuliokuwa tukifundisha Glasgow tulikuwa na kura, na Mskoti halisi aliyehamia London hakuwa nayo.

Neno hili lilitusumbua kuliko swali lenyewe. Kwetu wenye nyumba wakishauriana kugawana, mgeni hutoka nje akajifanya anatazama mbuzi. Twalimwambia hivyo jirani yetu, mzee aliyekuwa zamani fundi wa kuunda meli. Akatujibu, "Mwalimu, kodi unalipa hapa, na watoto wako wanasoma hapa. Ukitoka nje, nani atawasemea?" Jibu lake tulilipima siku nyingi. Hatimaye tukaona kwamba mgeni ni yule ajuaye siku yake ya kuondoka, nasi hatukuijua yetu.

Basi tukaanza kusoma. Serikali ya Uskoti ilikuwa imetoa kitabu cha kurasa zaidi ya 600 mwezi wa Novemba 1913 + 100, yaani 2013, nasi twakiri hatukukimaliza. Shauri lililowashika watu sana lilikuwa fedha. Wa Ndiyo walisema watatumia pauni pamoja na Waingereza. Mwezi wa Februari 2014 waziri wa fedha wa London akasema haitakubaliwa. Wakabishana pia juu ya mafuta ya bahari ya kaskazini, yatatosha miaka mingapi. Mama watoto alisikiliza haya yote, akasema, "Hesabu hizi ni kama bei ya mahindi, nani aijuaye ya mwakani?" Tukapatana naye kuziweka kando. Kweli pipa la mafuta, lililouzwa kwa dola 110 hivi katikati ya mwaka ule, lilishuka chini ya dola 50 mwezi wa Januari 2015. Wala wa La hawakusalimika: walisema kubaki ndiyo njia ya hakika ya kukaa katika Umoja wa Ulaya, mwaka 2016 Uingereza nzima ikapiga kura ya kutoka, ijapokuwa Waskoti 62 katika kila 100 walitaka kubaki, na tarehe 31 Januari 2020 wakatolewa pamoja na wengine.

Hesabu zilipokwisha kuwekwa kando, tuliachana njia sisi na mama watoto. Yeye alitazama Faslane, mwendo mfupi kutoka Glasgow, zinapokaa manowari ziendazo chini ya maji na silaha za nyuklia. Tena alisema kwamba mwaka 2010 chama cha Conservative kilipata kiti kimoja tu katika viti 59 vya Uskoti, na bado ndicho kilichoongoza serikali. Kwake hilo lilitosha. Akaamua Ndiyo.

Sisi tuliamua La. Aliyesema La leo aweza kuulizwa tena kesho. Aliyekwisha kutoka harudi kwa urahisi, maana mwenzake naye lazima akubali. Tena tumetoka katika nchi ambayo mtu ana baba Tanga na mama Pemba. Jirani yetu yule alikuwa na binti aliyeolewa Newcastle, upande wa Uingereza, na wajukuu huko. Tuliona vigumu kwa mkono wetu kutia alama ya kuwatenga watu hao, na hali wenyewe walioko ng'ambo hawakuulizwa.

Siku ile tulikwenda pamoja, tukatia alama zetu kwa penseli, na kura zetu mbili zikafutana. Katika kila watu 100 walioandikishwa, karibu 85 walipiga kura. La zilikuwa 2,001,926, na Ndiyo 1,617,989. Lakini Glasgow, mji wetu, walishinda wa Ndiyo. Jumapili iliyofuata viongozi wa pande zote mbili walikaa pamoja katika ibada ya kupatana, kanisa la St Giles, Edinburgh. Mzee wetu hakutuambia kamwe alitia alama wapi, wala hatukumwuliza.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu Kabisa ya London iliamua kwamba Bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila idhini ya London. Mama watoto aliposoma habari hiyo alitutazama tu, asiseme neno. Na watoto, ambao sasa wana umri wa kupiga kura, wote wako upande wake.