Mke Aliyenidhamini

Hapa Toronto mdhamini wangu ni mke wangu. Sheria ya uhamiaji ya Kanada humtaka aahidi kwa maandishi kunikimu miaka 3 tangu siku nitakapopata ukaazi wa kudumu. Nami nikitoka nchini kabla ya jibu, sina hakika ya kuruhusiwa kurejea. Baba alipofariki Tanga, niliyafuata maziko kwa simu. Kibali changu cha kazi kilikuwa hakijatoka. Sanda na chakula cha hitima vilitokana na mshahara wa mke wangu.

Waume wenzangu, matumizi ni wajibu wetu. Lakini Bibi Zainab (r.a.) alipouliza kama sadaka yake yaweza kumwendea mumewe, Ibn Mas'ud, Mtume (s.a.w.) alimbashiria ujira mara mbili: wa sadaka na wa kuunga udugu. Basi sisi tunaopokea, tushukuru bila kuona haya.