Fedha ya Siku Sitini



Sisi tuliozaliwa Kasesya twajifunza hesabu ya fedha mapema kuliko watoto wengi. Kijiji chetu kiko mpakani, katika Wilaya ya Kalambo, mwisho wa barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai. Ukivuka tu umefika Zombe, nchi ya Zambia, na huko watu huhesabu kwa kwacha. Mtoto akitumwa sabuni yampasa ajue kwacha moja ni shilingi ngapi, asije akapunjwa. Katika nyumba yetu aliyekuwa hodari wa hesabu hiyo ni kaka yangu. Kwa hiyo alipochaguliwa kuingia chuo kikuu jijini Dar es Salaam, hapana aliyefikiri kwamba fedha ingemshinda.

Kaka alipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Pamoja na ada, mwanafunzi hukopeshwa fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita "bumu". Zamani ilikuwa Sh. 8,500 kwa siku, kisha ikapandishwa kuwa Sh. 10,000. Lakini haitolewi siku kwa siku. Huja kwa mkupuo. Bumu la kwanza la kaka lilikuja mwezi wa Novemba, nalo lilikuwa la siku 60, yaani Sh. 600,000. Kitanda cha bweni baba alikuwa amekwisha kukilipia baada ya mavuno.

Maisha yake yote kaka hakuwa amewahi kushika hata laki moja iliyo yake. Alinunua simu kwa Sh. 250,000. Alinunua viatu na nguo kwa Sh. 90,000, kwa sababu aliona haya kuvaa alivyotoka navyo nyumbani. Aliwakirimu rafiki zake kwa Sh. 40,000. Tena alimtumia baba Sh. 50,000, nasi tukafurahi mno, tukasema kijana wetu amekuwa mtu mzima. Hesabu ya yote hayo ni Sh. 430,000. Zilibaki Sh. 170,000 za chakula, naye alikula kwa Sh. 5,000 kila siku. Gawanya mwenyewe, ndugu msomaji: ni siku 34. Siku ya 35 kaka alikuwa hana kitu, na mbele yake zimebaki siku 26.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Desemba alipompigia baba simu. Baba hakugomba. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaenda ghalani.

Hapa sina budi kueleza juu ya ghala yetu. Bibi yetu hakusoma, lakini kila mwaka baada ya mavuno huweka magunia 12 ya mahindi ya chakula, na kila gunia huliwekea alama ya mkaa. Gunia moja ni mwezi mmoja. Gunia la Februari halifunguliwi Januari, hata wageni wakija. Siku hiyo yalikuwa yamebaki sita, ya kutufikisha mwezi wa Juni. Baba aliuza mawili kwa Sh. 65,000 kila moja, akamtumia kaka Sh. 130,000.

Bibi hakusema neno. Alichukua kipande cha mkaa, akafuta alama za zamani, akaanza kugawa upya. Magunia manne ni debe 24. Miezi ni sita. Basi kila mwezi debe nne badala ya sita. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikula ugali mara moja kwa siku, na asubuhi uji mwepesi.

Nilimkasirikia sana kaka. Nilimwambia bibi, "Amesoma bure." Bibi akanijibu, "Mjukuu wangu, usimcheke. Kaka yako amevuna mara moja, akala kama mtu avunaye kila siku. Nawe siku yako itakuja."

Siku yangu ilikuja upesi. Januari nilirudi shuleni na Sh. 30,000 za muhula mzima. Kila jioni nilinunua maandazi na soda, na mara nyingine niliwanunulia wenzangu ili wanione mkarimu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Wiki ya tatu haikuisha kabla fedha hazijaisha. Tangu hapo nilifua kwa sabuni ya kuazima, na mwenzangu wa kitanda cha jirani alianza kuificha yake. Sikuweza kumlaumu. Nilipolala usiku niliwakumbuka wadogo zangu wanaokula mara moja kwa siku, nami nimekwisha kula soda.

Kumbe kaka naye alikuwa amejifunza. Bumu la pili lilipofika, lote aliliacha benki, akawa anatoa Sh. 50,000 kila Jumatatu na si zaidi. Kwa majuma tisa hizo ni Sh. 450,000. Makaratasi ya masomo yalimgharimu Sh. 70,000. Zilibaki Sh. 80,000, mwisho wa Machi akamtumia baba Sh. 65,000, bei ya gunia moja, na Sh. 15,000 akaziweka akiba. Lakini wakati huo mahindi yalikuwa yamepanda bei. Fedha iliyopatikana kwa debe sita mwezi wa Desemba ilinunua debe nne tu. Niliziona debe hizo nilipofika kwa likizo fupi ya Aprili. Bibi alizipima mara mbili, kisha akachora alama moja ya mkaa.

Basi nimejifunza kwamba kuweka akiba si kusubiri kibaki kitu, kwa maana hakibaki. Fedha ikifika mkononi igawe kwanza kwa siku zake, kabla hujanunua hata andazi. Muhula huu baba alinipa Sh. 15,000 tu. Siku ya kwanza niliandika katika daftari: sabuni, dawa ya meno, kalamu na madaftari, nauli ya dharura. Fedha anazo matroni, nami naomba zile za wiki tu. Leo ni wiki ya tisa, na sijaazima sabuni ya mtu.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, miaka michache ijayo baadhi yetu tutapata bumu. Tukumbuke kwamba ni deni: mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Nanyi wazazi, mtoto akiwatumia zawadi katika wiki yake ya kwanza chuoni, mshukuruni, kisha mwulizeni amebakiza ya siku ngapi. Sisi hatukuuliza.

Nawatakia nyote masomo mema na mavuno mema.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV,
Mwenyeji wa Kasesya